MANENO YA KAZI HUFA KWA DHARAU, SI KWA UZEE

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Najua ukisoma aya mbili tatu za makala haya utajiuliza, "Kwani huyu amekosa la kuandika? Jarida la Chama cha Kiswahili, naye anatuletea habari za Kiingereza!" Subiri kidogo ndugu yangu, mstahimilivu hula mbivu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Leo nataka tukitazame kichwa cha Mwingereza jinsi kilivyonyolewa, halafu kila mtu ajishike chake.

Kiingereza kina maneno mengi ya kikale yanayotaja mazoea, tabia na ujuzi wa watu. Katika maktaba yetu iko kamusi moja nzee iliyotoka jalada, nayo imeyawekea mengi ya maneno hayo alama ya kuonyesha kwamba yamechakaa. Mengine tunakutana nayo darasani na kuangua kicheko. Mwalimu akitaja "penmanship", yaani ustadi wa kuandika kwa mkono, hakosi mtu wa dawati la nyuma kuuliza kama hiyo ni meli ya kubebea kalamu. Katika somo la Kilimo likitajwa neno "husbandry", darasa zima huvunjika mbavu, ati hilo ni somo la kufundisha wanaume kuwa waume wazuri.

Tucheke, kucheka si dhambi. Lakini baada ya kucheka tujiulize: neno la kazi hufa vipi? Wengi husema hufa kwa uzee, kama mtu. Mimi nakataa. Maoni yangu ni kwamba neno la kazi huanza kufa siku ile watu wanapoanza kuidharau kazi yenyewe, au kumdharau yule anayeifanya. Na ugonjwa huo uliowapata Waingereza umeshapiga hodi kwetu, tena tumeufungulia mlango na kuukaribisha chai.

Hebu tuanze na hilo hilo "husbandry". Neno "husband" waliliingiza Uingereza watu wa kaskazini waliokuja na mashua zao na kufanya masikani huko zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Kwa lugha yao sehemu ya kwanza ilikuwa nyumba, na ya pili ilikuwa mkazi, mtu mwenye boma na shamba lake. Kwa hivyo "husband" wa kwanza hakuwa lazima awe mume wa mtu. Alikuwa mwenye nyumba. Na "husbandry" ilikuwa ule ujuzi wake wote: kulima, kufuga, kuweka akiba ya mbegu, kutofuja mali. Katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, mzee Polonius anapomwonya mwanawe juu ya kukopa na kukopesha, neno analotumia kwa uangalifu wa mali ni hilo hilo.

Neno hili lilikuwa na pacha wake: "housewifery", yaani ujuzi wa mwanamke mwenye nyumba. Hapo zamani "wife" kwa Kiingereza lilikuwa na maana ya mwanamke tu, awe ameolewa au hajaolewa. Huyu naye alikuwa na kazi zake: kutengeneza siagi na jibini, kupika pombe ya shayiri, kusokota nyuzi, kukausha nyama ya kula wakati wa baridi, kutibu wagonjwa kwa mitishamba. Mkulima mmoja Mwingereza, Thomas Tusser, alichapisha mwaka wa 1557 kitabu cha mashairi chenye mafunzo 100 ya "husbandry". Kitabu kikapendwa sana, na kufikia mwaka wa 1573 alikuwa amekiongeza hadi mafunzo 500, na humo akayatia mafunzo ya "housewifery" pia. Yaani katika karne ya 16 mapacha hawa walilala kitanda kimoja na kufunikwa shuka moja.

Sasa tazama walivyoachana. "Husbandry" imezeeka, ni kweli, lakini imezeeka kwa heshima. Bado imo katika vitabu vya kilimo, na hata hapa Kenya mtu akisomea ufugaji atakutana nayo, na watu wazima wamevaa tai watamtahini. Na yule pacha wa kike je? Neno "housewife" lilipotamkwa haraka haraka na vinywa vya watu lilifupika likawa "hussy". Mwanzoni "hussy" alikuwa mama mwenye nyumba tu, hakuna ubaya. Polepole likageuka kuwa mwanamke wa hivi hivi, kisha likawa tusi la mwanamke asiye na haya. Kamusi zote leo zinaliweka kama tusi. Na "housewifery" lenyewe likatupwa kwenye debe la taka.

Je, mpenzi msomaji, kazi ya mama iliisha? Watu waliacha kula? Watoto waliacha kuvaa? La hasha! Kazi ilibaki pale pale. Kilichoondoka ni heshima, nayo heshima ilipoondoka ikalibeba neno.

Jambo la pili litakushangaza zaidi. Neno "economy", lile la wakubwa, la benki kuu na bajeti ya taifa, lina asili gani? Limetoka kwa Wayunani wa kale, na kwao lilikuwa na maana ya uendeshaji wa nyumba. Xenophon, aliyekuwa mfuasi wa Socrates, aliandika kitabu chenye jina hilo zaidi ya miaka 2300 iliyopita, na ndani yake hamna habari za soko la hisa. Ni habari za nyumba na shamba: nani aweke nini wapi, chakula kitunzwe vipi, mke na mume wasaidiane namna gani.

Kwa hivyo "economy" na "housewifery", ukiyavua nguo za nje, karibu ni kitu kimoja. Moja lilivaa suti ya Kiyunani likaenda chuo kikuu likapewa shahada. La pili lilivaa aproni likabaki jikoni, likazeeka, likafa. Anayeendesha nyumba ya watu milioni hamsini anaitwa mtaalamu. Anayeendesha nyumba ya watu saba kwa shilingi mia mbili kwa siku, na wote wakalala wameshiba, haitwi chochote. Wewe mwenyewe amua ni yupi mwenye hesabu ngumu!

Tatu, tulitazame neno "midwifery", yaani ukunga. Hili nalo ni la kikale. Sehemu ya kwanza maana yake ni "pamoja na", na ya pili ni yule yule mwanamke wa zamani. Mkunga ni yule anayekuwa pamoja na mwanamke anapojifungua. Neno hili lina umri mkubwa, limetokana na mizizi ile ile ya "housewifery", na ni kazi iliyofanywa na wanawake wale wale. Lakini halikufa! Liko hai, lina afya, linavaa sare nyeupe. Kwa nini?

Sababu ni kwamba mwaka wa 1902 Uingereza ilipitisha sheria ya wakunga. Wakunga wakaanza kufunzwa, kutahiniwa na kuandikishwa. Kazi ikapata chuo, cheti na daftari la serikali. Hapa kwetu pia, vyuo vya KMTC hufunza ukunga na wanafunzi hupigania nafasi. Waswahili walikuwa wameshaona mbali waliposema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nauliza: mbona hatukuwa na methali ya kutukataza kutukana wapishi na njaa ingalipo, au wakulima na matumbo yangalipo?

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma. Nilipokuwa nikiingia kidato cha kwanza tulipewa fomu ya kujaza, na mahali pamoja paliulizwa kazi ya mzazi. Kwa baba niliandika dereva. Kwa mama nilikwama. Karani aliyekuwa akitusaidia, ambaye sitamtaja, aliniuliza mama hufanya nini. Nikasema yuko nyumbani. Akasema, "Basi andika hana kazi, harakisha, wengine wanangoja." Niliandika.

Mama yangu huamka saa kumi za alfajiri. Ninapotoka nyumbani saa kumi na moja na nusu kuja shuleni (sisi wa shule ya kutwa hatulali na kengele), nimeshakunywa chai ya maziwa aliyoyakamua yeye. Sare niliyovaa ina kiraka kwenye kiwiko, lakini mpaka nikuonyeshe ndipo utakiona. Kuku wake anawajua mmoja mmoja, yupi anataga na yupi ni mgeni wa kula tu. Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane na hajawahi kupoteza hata shilingi moja. Jioni husokota mkonge na kusuka viondo huku akiniuliza maswali ya historia kutoka kwenye daftari langu. Huyo ndiye hana kazi!

Simlaumu karani peke yake. Fomu ilikuwa na kisanduku kidogo, na lugha haikumpa neno la kuweka humo. Kiingereza kilikuwa nalo, kikaliua. Sisi tunasema "mama wa nyumbani", na tukilisema tunainamisha sauti kidogo, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Sio Waingereza wote waliokuwa vipofu. Mwaka wa 1861 mwanamke aliyeitwa Isabella Beeton alitoa kitabu kikubwa cha uendeshaji wa nyumba, na nakala 60,000 zikanunuliwa katika mwaka wa kwanza. Katika kurasa zake za kwanza alimlinganisha mama mwenye nyumba na jemadari wa jeshi. Na wanajeshi wenyewe, je? Askari wa Uingereza alipokwenda vitani alibeba kifuko kidogo chenye sindano, uzi na vifungo, na kifuko hicho kiliitwa "housewife". Mwanamume mwenye bunduki alimbeba mama wa nyumbani mfukoni, maana risasi haishoni kifungo.

Nne, tuangalie jinsi maneno ya ujuzi yanavyogeuka kuwa matusi. Kiingereza kimejaa mifano. "Craft" hapo kale lilimaanisha nguvu, kisha ustadi wa mikono. Kutokana nalo likaja "crafty", mwenye ujuzi, na leo "crafty" ni mtu mwenye hila, usimpe kisogo. "Cunning" limetokana na kujua, nalo leo ni ujanja wa fisi. "Spinster" alikuwa mwanamke anayesokota nyuzi, kazi ya kuheshimika kabisa. Kisha likawa neno la kisheria la mwanamke ambaye hajaolewa, halafu likawa la kuwasimanga. Uingereza ilikuja kuliondoa katika vyeti vya ndoa mwaka wa 2005. Na "villain", yule mtu mbaya wa filamu, alikuwa nani mwanzoni? Alikuwa mtu wa shambani tu, kibarua aliyelima ardhi ya tajiri. Wenye majumba walimdharau kwa muda mrefu hata jina lake likawa jina la uovu.

Unasikia kichwa kikianza kunyolewa? Basi tia maji. Sisi tuna neno "mshamba". Limetoka wapi? Limetoka shambani, kwenye mahindi na maharagwe tunayopanga foleni kuyala saa saba mchana. Mshamba ni mtu wa shamba. Lakini mwite mtu mshamba hapa shuleni uone kama hamtashikana mashati! Mtu anakula githeri sahani mbili, anajipangusa mdomo, halafu anamwambia mwenzake, "Wacha ushamba." Hiyo ni akili kweli? Na yule dada anayelea watoto wa watu, anayepika, kufua na kupiga pasi, katika Sheng ya mitaani tunamwitaje? Tunamwita "mboch", na tunalisema kwa kukunja pua. Kesho neno "mshamba" likishakuwa tusi tupu, ni nani atakayetaka kuwa mkulima? Tusingoje jibu, tutazame tu ni wangapi katika darasa letu wanaosema wanataka kulima. Na mimi nimekaa darasa lenye watoto wa wakulima watupu.

Wapinzani wangu watasema, "Wewe unalilia mizoga. Maneno haya hayakufa kwa dharau, yalifishwa na mashine." Nakubali, hoja hii ina uzito na sitaki kuikwepa. Kusokota nyuzi nyumbani kulipigwa mweleka na mashine. James Hargreaves wa Lancashire aliunda ile yake ya kusokotea nyuzi nyingi kwa pamoja yapata mwaka wa 1764, na Richard Arkwright akapewa hataza ya mashine yake ya kutumia nguvu za maji mwaka wa 1769. Baada ya hapo gurudumu la bibi lingeshindana vipi na kiwanda?

Vivyo hivyo na "penmanship". Zamani kuandika kulianza kwa kuchonga kalamu yenyewe kutoka kwenye unyoya wa bata bukini. Ndiyo sababu kisu kidogo cha mfukoni huitwa kwa Kiingereza "penknife", kisu cha kalamu. Ungeharibu ncha, wino ungemwagika, ungeanza upya. Walimu wa mwandiko walikuwa mabingwa, na kati ya mwaka wa 1733 na 1741 George Bickham wa London alichapisha kitabu kikubwa cha sampuli za miandiko yao, zilizochongwa kwenye bamba za shaba. Kisha zikaja kalamu za chuma, zikaja taipureta, na mwaka wa 1938 László Bíró wa Hungaria akapata hataza ya kalamu ya mpira. Jina lake tunalo mfukoni kila siku: biro! Leo kuna kompyuta na simu, na mtu anaweza kumaliza wiki bila kushika kalamu.

Sawa. Mashine huondoa kazi. Lakini mashine haimtukani mtu. Mashine haikumgeuza "spinster" kuwa kichekesho, watu ndio waliofanya hivyo. Na jambo jingine: kazi ya mashine ikiharibika, tunamwita nani? Vita vya Pili vya Dunia vilipowabana Waingereza, nguo zikaanza kugawanywa kwa kuponi mwezi wa Juni 1941, na mgao huo haukuisha hadi mwaka wa 1949. Viwanda vilikuwepo, lakini vilikuwa vikitengeneza vitu vya vita. Mwaka wa 1943 serikali yenyewe ikatoa kijitabu cha kuwafundisha watu kutia viraka, kufumua sweta kuukuu na kulifuma upya, kugeuza koti la baba kuwa gauni la msichana. Taifa lililokuwa likitawala nchi nyingi, Kenya ikiwemo, lilirudi kwa sindano ya bibi. Ujuzi uliokuwa unachekwa ukawa silaha.

Hata neno lililolala linaweza kuamka. Chukua "thrift". Asili yake ni kustawi. Katika ile tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuiita Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka wa 1969, Shylock wa Shakespeare hulitumia neno hilo kwa Kiingereza kumaanisha faida anayopata katika biashara yake. Baadaye likawa jina la tabia ya kuweka akiba na kutotapanya. Mwaka wa 1875 Samuel Smiles alitoa kitabu kizima chenye jina hilo, akiwahimiza wafanyakazi waweke akiba. Kisha likaanza kunuka uzee, likawa neno la mababu wenye mkono wa birika.

Na leo je? Nenda Gikomba au Toi. Nguo ni zile zile za mtumba ambazo mama zetu walikuwa wakituchagulia tangu utotoni, na ambazo tulikuwa tukikana mbele ya wenzetu. Siku hizi vijana wa Nairobi wanachagua zile nzuri, zile wanazoita kamera, wanazifua, wanazipiga picha, wanaziuza kwa simu na kuziita "thrift". Neno la babu limerudi mjini limevaa raba nyeupe! Aliyeona haya kununua mtumba jana, leo anajivunia. Kitu hakikubadilika, jina la heshima ndilo lililobadilika. Huo ni ushahidi tosha kwamba neno halina uzee usiotibika.

Na tusiende mbali, hapa hapa Kenya tunao mfano ulio bora kuliko huo. Mafundi wa kufua masanduku, majiko na sufuria pale Kamukunji, Nairobi, walikuwa wakifanya kazi bila paa, jua likiwachoma utosini. Watu wakawaita "jua kali". Halikuwa jina la sifa. Lakini katika miaka ya 1980 serikali ilianza kuwatambua na kuwajengea vibanda, na jina lile lile la kuunguzwa na jua likawa jina la sekta nzima ambayo wataalamu wa uchumi huiandikia vitabu. Jina la dharau lilipanda ngazi kwa sababu kazi ilipandishwa ngazi.

Sasa najua swali linalowawasha dada zangu wa kidato cha nne. "Kwa hivyo unataka turudi jikoni, si ndiyo?" Hapana! Hasha wa kalla! Naomba nieleweke. Kosa la Waingereza ni kwamba waliufunga ujuzi huu kwenye kiuno cha mwanamke, halafu wakamdharau mwanamke, na ujuzi ukadharauliwa naye. Hata hapa kwetu, Maendeleo ya Wanawake ilipoanza mwaka wa 1952 wakati wa ukoloni, akina mama walifunzwa ushoni, upishi na malezi. Yalikuwa mafunzo mazuri, lakini ni baba gani aliyeitwa aje ajifunze kushona kifungo? Mvulana asiyejua kupika ugali akifika chuoni atalala njaa, na njaa haiulizi mtu jinsia yake. Mimi ni mvulana na ninasoma Sayansi Kimu. Tuko wavulana watatu tu, na majina tunayopewa siwezi kuyaandika humu, mwalimu mlezi atayafuta. Lakini wanaotucheka ndio wanaotuletea suruali zao tuwashonee ikifika Ijumaa.

Baada ya kusema hayo, napendekeza mambo manne.

Kwanza, fomu za shule, za zahanati na za benki ziache kuandika "hana kazi" kwa mtu anayefanya kazi kuanzia alfajiri hadi usiku. Kiswahili hakijakosa maneno. Tunaye mlezi, tunaye mfugaji, tunaye mkulima, tunaye msusi, tunaye mwendesha nyumba. Yaandikwe. Aidha, sisi wanafunzi ndio tunaojaza fomu nyingi kwa niaba ya wazazi wetu, kwa hivyo kalamu iko mkononi mwetu.

Pili, tuache kutumia majina ya kazi kama matusi. Mwite mwenzako mkaidi akiwa mkaidi, mwite mchafu akiwa mchafu, lakini mshamba mwachie heshima yake.

Tatu, chama chetu kianze daftari la maneno ya ujuzi. Kila mwanachama likizo hii aende kwa nyanya yake au babu yake, aandike maneno matano ya kazi pamoja na maelezo ya jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Kuna maneno ya usukaji, ya ufinyanzi, ya uhunzi, ya urinaji wa asali, ya useremala wa majahazi kule Lamu. Nyanya yangu akieleza hatua za kusuka kiondo hutumia maneno zaidi ya kumi ya Kikamba ambayo mimi sina Kiswahili chake. Akifa na maneno hayo, tutabaki na neno moja tu: kikapu. Kuna watu wanaoitwa Muturi ambao hawajui kwamba kwa Kikuyu jina lao maana yake ni mhunzi, kama vile Smith wa Uingereza, ambaye naye hajawahi kushika nyundo. Ujuzi ukibaki kwenye jina la ukoo tu, umeshakuwa kaburi.

Nne, wadogo zetu wanasoma kwa mtaala wa umilisi, sisi tulio katika 8-4-4 tunafunga mlango, maana KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Neno umilisi ni zuri, lina maana ya kuweza kufanya jambo kwa ustadi. Naomba lisije likawa la kwenye karatasi tu, mzazi anamfanyia mtoto kazi usiku ili mtoto apigwe picha asubuhi. Umilisi wa kushikiliwa na baba ni umilisi wa baba.

Ningetaka kuongeza mengi lakini mhariri ameshaanza kunikodolea macho. Waingereza walikuwa na neno kwa kila kazi ya mikono na ya nyumbani. Yale yaliyopewa chuo, mshahara na heshima yako hai hadi leo, hata yawe na miaka elfu moja. Yale yaliyokuwa ya wanawake na ya maskini yalichekwa, yakageuzwa matusi, yakazikwa. Sisi lugha yetu bado ina damu. Maneno yetu ya kazi bado yanatamkwa kila asubuhi, sokoni, mtoni, jikoni na shambani. Tusingoje hadi yatiwe alama ya uchakavu katika kamusi ndipo tuanze kuyafanyia matanga.

Shime wanafunzi wenzangu! Jioni hii ukifika nyumbani, kabla hujafungua begi, muulize mama yako kazi anayoifanya inaitwaje. Uiandike.